Mti Kabla ya Cheti cha Mganga

Kila mjadala wa dawa za mitishamba unapozuka nchini, hasa pale mgonjwa anapodhurika, swali la kwanza huwa ni cheti. Je, mganga amesajiliwa? Leseni aliitoa wapi? Nani alimruhusu kuuza? Ni maswali ya haki, na sipingi yaulizwe. Lakini kwa jinsi ninavyoiona biashara hii hapa magharibi mwa Kenya, na kule Nakuru ambako sehemu kubwa ya mzigo hupelekwa, naamini tumeanza kuhesabu kutoka katikati. Gome linalouzwa limetoka kwenye mti gani? Miti ya aina hiyo imebaki mingapi? Anayeipanda ni nani? Hatari nyingi zinazomfikia mnywaji wa dawa hizi leo zimezaliwa na uhaba wa miti yenyewe, na hakuna cheti kitakachotibu uhaba huo.

Chukua mwiritsa. Waluhya wanauita hivyo, Wakalenjin wanauita tenduet, Wakikuyu muiri, na wanasayansi Prunus africana. Ni mti wa nyanda za juu, mrefu, wenye gome jeusi lililopasuka vipande vya miraba. Ukifikicha jani lake mkononi unapata harufu kali ya lozi. Vijijini gome lake limetumiwa tangu zamani kwa maumivu ya tumbo, kifua na homa. Kisha miaka ya 1960 Mfaransa Jacques Debat akajipatia hataza ya kutumia gome hilo kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, na tangu hapo magome ya Kameruni, Madagaska na hapa kwetu Kenya yakaanza kupakiwa kwenda Ulaya kwa tani. Miti ilikatwa na kubanduliwa kwa kasi hadi mwaka 1995 mwiritsa ukawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kabisa kununua gome la Kameruni kwa sababu uvunaji ulikuwa umepita kiasi.

Tatizo la gome ni kwamba mti hauishi bila hilo. Chini ya ganda la nje kuna tabaka jembamba linalosafirisha chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Ukibandua upande mmoja na kuacha mwingine, mti unaendelea kulisha mizizi huku jeraha likijifunga polepole. Ukizungusha panga ukabandua mviringo mzima, mizizi inakufa njaa. Mti hauanguki siku hiyo. Huendelea kusimama ukiwa na majani, na mpita njia anaweza kudhani umepona.

Niliuona mmoja wa namna hiyo kwenye shamba la mjomba wangu karibu na msitu wa Kaimosi. Watu wasiojulikana waliingia usiku, wakaubandua kuanzia usawa wa goti hadi mahali mkono wa mtu aliyepanda ngazi unapofika. Asubuhi shina lilikuwa jeupe na lenye unyevunyevu, na vipande vidogo vya gome vilikuwa vimetapakaa kwenye majani ya chai. Mjomba alijaribu kupaka udongo na samadi ya ng'ombe kama alivyofundishwa na baba yake, ila udongo unasaidia jeraha la ukubwa wa kiganja, hausaidii mti uliovuliwa nguo yote. Shina likageuka rangi ya kutu, kisha majani ya juu yakaanza kuwa manjano, matawi yakakauka moja baada ya jingine. Mti ambao babu aliuacha kwa ajili ya wajukuu uliishia kuwa kuni. Aliyelipwa kwa gome lile alipata pesa za mara moja tu, na hatapata tena hapo.

Wazee waliokuwa wakivuna kwa matumizi ya nyumbani walikuwa na kanuni. Gome lilichukuliwa kipande kidogo upande mmoja, na aliyefuata akachukua upande wa pili baada ya la kwanza kufunga. Mizizi ilichimbwa ya pembeni, shina likaachwa. Baadhi ya familia zilikataza kuvuna mti uleule ndani ya mwaka mmoja, na kulikuwa na miti ambayo mtu haruhusiwi kuigusa bila kumwambia mwenye boma. Baadhi ya kanuni hizi zilivikwa miiko na kutishwa kwa laana, lakini ukiziangalia kwa jicho la mkulima zinakaribiana sana na utaratibu ambao wataalamu wa misitu wa Kameruni waliupendekeza baadaye kwa maandishi: bandua robo mbili zinazotazamana, acha robo mbili, kisha subiri miaka kadhaa kabla ya kurudi.

Kanuni hizo zilivunjika ardhi ilipoisha. Kaunti ya Vihiga ilikuwa na zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba katika sensa ya 2019, na hao ni watu wa kijijini, wanaotegemea vipande vya shamba vilivyogawanywa mara tatu au nne. Kwenye robo ekari yenye nyumba, mahindi, migomba na ng'ombe mmoja, kinachobaki kando ya mpaka kinapandwa blugamu, kwa sababu nguzo za blugamu zinauzwa baada ya miaka sita hadi minane na mwiritsa haufai kubanduliwa kabla ya miaka isiyopungua kumi na miwili. Kwa hiyo miti ya dawa ikabaki kwenye vichaka vya misitu: Kakamega, Kaimosi, Nandi, Mau. Wakati huohuo watoto wa vijiji hivi wakahamia Kisumu, Nakuru na Nairobi, na walipougua wakaanza kununua dawa ambayo mama zao walikuwa wakiichuma nyuma ya jikoni.

Dawa ilipohamia sokoni ndipo mambo yakageuka, na hapa nataka tukae kidogo.

Pita soko la Luanda, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Mama mmoja ambaye huwa nanunua kwake ametandika gunia chini na kupanga mali yake kwa mafungu. Magome yako upande wake wa kulia, mizizi kushoto, majani makavu mbele. Kila fungu analijua kwa jina, kwa mahali lilipotoka na kwa ugonjwa. Ukimuuliza gome la soget, ule mti ambao Wakikuyu wanauita muthiga na ambao kitaalamu ni Warburgia ugandensis, hakupi maneno. Anavunja kipande kidogo anakupa. "Tafuna, mwanangu, kisha uniambie kama ni yenyewe." Unapotafuna hupati kitu mwanzoni, kisha ukali unapanda kwenye ulimi kama pilipili na kukaa kooni kwa muda mrefu. Gome bandia halifanyi hivyo. Mnunuzi amepata uhakika wake mdomoni, bila maabara, na muuzaji ameweka jina lake rehani.

Sasa nenda kwenye kibanda kilicho karibu na stendi ya matatu mjini, Nakuru au Kisumu. Gome limeshasagwa. Unga wa kahawia umo kwenye mkebe wa plastiki, au umechemshwa na kutiwa kwenye chupa iliyokuwa ya soda. Karatasi iliyobandikwa nje inataja magonjwa: kisukari, presha, pumu, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, uzazi. Jina la mti halipo. Sehemu ya mti iliyotumika haipo. Tarehe ya kuchemshwa haipo. Muuzaji hakuuchuma, aliletewa na mtu aliyeletewa na mtu mwingine. Hata akiwa mwaminifu kabisa, hawezi kukuambia ni nini. Na unga wa gome lolote gumu ukichanganywa na pilipili kidogo unaweza kukuunguza ulimi vilevile.

Hapo ndipo uhaba wa mti unapokutana na mgonjwa. Mahitaji yanaongezeka, mti unapungua, na bei ya gome halisi inapanda. Mtu wa katikati ana njia tatu: apandishe bei na kupoteza wateja, aache biashara, au aongeze kitu kingine kwenye gunia. Wengi watachagua ya tatu. Wakati mwingine kinachoongezwa ni gome la mti usio na madhara wala faida. Wakati mwingine ni gome la mti wenye sumu unaofanana nao kwa rangi. Na kuna ubaya mkubwa zaidi ambao umegunduliwa katika nchi nyingi: dawa za hospitali kama steroidi au sildenafili (ile ya nguvu za kiume) kusagwa na kuingizwa ndani ya unga unaoitwa wa asili, ili mnywaji ahisi nafuu ya haraka na arudi. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayekunywa sildenafili bila kujua, huku akiwa ameandikiwa dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha yake inaweza kushuka hadi azimie au afe. Bodi ya Dawa na Sumu ina utaratibu wa kusajili bidhaa za mitishamba, lakini chupa isiyo na jina la mti, iliyojazwa nyuma ya kibanda, haipiti karibu na ofisi zake.

Mama wa Luanda anaposhindwa kupata gome la kweli, yeye huniambia hana. Sifa hiyo inatokana na kujulikana. Wateja wake ni majirani, na mkewe mtu akidhurika kesi itaamuliwa pale pale sokoni. Chupa ya mjini haina jirani.

Nataka pia tuliangalie suala la ufanisi bila ushabiki, maana pande zote mbili zina ushabiki wao. Gome la mwiritsa limechunguzwa kwa wagonjwa halisi. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562 ulionyesha kwamba dondoo la gome hilo linaleta nafuu ya wastani kwa wanaume wanaosumbuliwa na mkojo kwa sababu ya tezi dume iliyovimba: wanaamka mara chache zaidi usiku, na mkojo unatoka vizuri kidogo. Uchambuzi huohuo ulisema majaribio mengi yalikuwa mafupi na madogo. Basi mtu asiseme ni uongo mtupu, na mwingine asiseme limethibitishwa kutibu kila kitu. Halitibu saratani. Na saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Kenya, na inaweza kuleta dalili zilezile za mkojo. Mzee anayekunywa gome kwa mwaka mzima akipata unafuu kidogo anaweza kufika hospitalini wakati ugonjwa umeshaingia mifupani. Mzee yeyote anayeamka usiku kukojoa mara kwa mara apimwe kwanza, kisha hata akitaka gome, anywe akijua anachokitibu.

Jambo linaloniuma katika hili ni tofauti ya heshima. Mwanamume wa Ufaransa anayetumia mwiritsa anameza kidonge chenye kipimo cha miligramu kinachojulikana, na kwenye kikasha kuna jina la mti, kiasi na onyo. Mwanamume wa Kaimosi, ambako mti wenyewe unaota, anakunywa kikombe cha kitu kisicho na jina. Mti ni ule ule. Maarifa ya kwanza yalikuwa ya huku Afrika. Tumeuza gome na kuwaachia wengine ustaarabu wa kuliandika.

Na kwa kuwa tumefika hospitalini, neno fupi kwa wauguzi na wagonjwa. Watu wa huku wanatumia njia zote mbili kwa pamoja na hawaoni tatizo, ila hawasemi. Mjamzito aliyekunywa dawa ya nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi, ili uchungu uharakike anafika wodini na kuwekewa dripu ya kuongeza uchungu juu ya ile aliyokunywa, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Hakusema kwa sababu aliogopa kugombezwa. Muuguzi akiuliza kwa sauti ya kawaida, kama anavyouliza mzio, ataambiwa. Na mtoto mwenye homa kanda ya ziwa hana nafasi ya kusubiri kuona kama majani yatafanya kazi. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili. Huyo apelekwe akapimwe, mitishamba iachwe kando.

Sheria zetu zimejaa mambo mazuri. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya kiasili ya jamii kuhusu bioanuwai. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ilipitishwa 2016 na kuzipa kaunti kazi ya kuyaorodhesha. Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu nzima kuhusu tiba za jadi, ikiwemo mwongozo wa kumwezesha mganga kumpeleka mgonjwa hospitalini. Kwa miaka mingi vyeti vya waganga wa kienyeji vimekuwa vikitolewa na idara ya utamaduni, kana kwamba kutibu ni ngoma ya jukwaani. Ukizisoma hizi zote utaona zinamzungumzia mtu: mganga, maarifa yake, haki zake, kosa lake. Inayogusa mti ni Sheria ya Misitu ya 2016, na hiyo inaziruhusu jamii zinazosimamia msitu kwa pamoja na serikali kukusanya dawa ndani yake. Ruhusa ya kukusanya ipo. Wajibu wa kupanda mti ule unaokusanywa uko wapi?

Tunapanda miti, hilo halina shaka. Mwishoni mwa 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 ikatangazwa siku ya mapumziko ili kila mtu akapande. Takwimu rasmi za 2021 ziliweka eneo lililofunikwa na miti kuwa asilimia 12.13 ya nchi, na katiba ilikuwa imetaka angalau asilimia 10, kwa hiyo tukashangilia. Lakini asilimia inahesabu kivuli. Ekari ya blugamu na ekari ya msitu wa Kakamega zinaingia kwenye hesabu hiyo zikiwa sawa. Chifu anayetakiwa kupeleka ripoti ya miche elfu kadhaa atachukua miche iliyopo, na iliyopo vitaluni ni blugamu, grevilea na misipresi, kwa sababu mbegu zake zinapatikana dukani kwa pakiti.

Mbegu za miti ya dawa hazikai kwenye pakiti. Hiki ni kitu kidogo ambacho ndani yake mna suala zima. Mbegu ya mwiritsa hupoteza uwezo wa kuota ndani ya wiki chache ikihifadhiwa vibaya, na ya soget nayo haikai muda mrefu. Huwezi kuziagiza kutoka Nairobi na kuzihifadhi kwenye stoo ya kaunti hadi mvua za Machi. Lazima mtu awepo karibu na mti mama matunda yanapoiva, ayaokote kabla ndege na nyani hawajayamaliza, ayaoshe nyama yake, na azisie mbegu zikiwa bado mbichi. Hiyo maana yake ni kwamba kitalu lazima kiwe kijijini, pembeni ya msitu, mikononi mwa mtu anayeujua mti ule kwa harufu. Yaani mikononi mwa watu wale wale tunaowakimbiza kwa kukosa vyeti. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina vituo Maseno na Londiani. Utaalamu wa kuotesha upo mlangoni mwetu. Kilichokosekana ni mtu wa kaunti kuwakutanisha mtaalamu wa Maseno na mama wa Luanda kwenye kitalu kimoja, na kuwalipa wote wawili.

Kwamba hili linawezekana si ndoto. Pembeni ya msitu wa Kakamega kikundi cha wakulima cha Muliru, kikishirikiana na kituo cha utafiti cha icipe, kilianza kulima mmea wa jamii ya mrehani uitwao Ocimum kilimandscharicum badala ya kuuvuna porini. Wakajenga mtambo wa kukamua mafuta kwa mvuke, wakatengeneza dawa ya kuchua ya mafua na maumivu iitwayo Naturub, ikasajiliwa na kuuzwa ikiwa na nembo na maelezo yake. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mnunuzi wa Naturub anajua amenunua nini. Mkulima anajua atauza kwa nani. Na msitu umepumua, maana hakuna anayeingia ndani kutafuta kilicho shambani. Walikijaribu pia kilimo cha mukombero, ule mzizi wenye harufu tamu unaouzwa kwa vifungu kwenye stendi za Chavakali, Kisumu na Nakuru. Mukombero ni mtambaazi, na anayeuchimba porini huwa anang'oa mmea wote, kwa hiyo kila kifungu anachokitafuna dereva wa matatu ni mmea mmoja uliokufa. Ukilimwa, unavunwa mizizi ya pembeni na mmea unabaki.

Najua mmea wa majani na mtambaazi ni rahisi kuliko mti wa miaka kumi na miwili. Ndiyo maana kwa miti nadhani tunapaswa kuuliza pia kama lazima iwe gome. Jamaa wa karibu wa soget, Warburgia salutaris wa kusini mwa Afrika, alibanduliwa hadi akakaribia kutoweka porini huko Zimbabwe. Watafiti wa Afrika Kusini wakapima majani yake na kukuta kemikali zinazokaribiana na zile za gome, wakapendekeza majani yachukue nafasi ya gome. Jani linachumwa na lingine linaota. Mti wa miaka mitatu au minne una majani ya kutosha hata kabla haujawa na gome la kubandua. Egerton iko Njoro, Maseno iko hapa, Masinde Muliro iko Kakamega, na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kituo chake cha utafiti wa tiba za jadi tangu miaka ya 1980. Swali la kama jani la soget wa Kenya linatosha kwa kikohozi ambacho watu wanalitumia gome ni swali ambalo vyuo hivi vinaweza kulijibu, na jibu lake lingefaa kijiji kuliko makala nyingi zinazoorodhesha tu majina ya mimea na kuishia maktabani.

Wapo watakaosema njia rahisi ni kufunga misitu kabisa. Tumeiona njia hiyo Mau. Waogiek wa Nessuit na Mariashoni, katika kaunti ya Nakuru, ni watu walioishi na msitu huo kwa asali na kwa dawa zake, na Mahakama ya Afrika kule Arusha ilitamka Mei 26, 2017 kwamba kuwafurusha kulivunja haki zao, kisha Juni 23, 2022 ikaamuru walipwe fidia. Aliyefukuzwa msituni hana sababu ya kumlinda mwiritsa dhidi ya mtu anayekuja usiku na panga. Aliyebaki na haki ya kuvuna kwa kanuni anayo sababu. Ufungaji unaondoa macho ya mchana na kuacha mikono ya usiku.

Kikwazo ambacho sioni kikizungumzwa ni cha mkulima mwenye mti wake. Mjomba wangu angekuwa na miti kumi ya mwiritsa na akataka kuuza gome kwa utaratibu, angeanzia wapi? Kusafirisha mazao ya misitu kunahitaji kibali, na gome la shambani likiwa kwenye gunia halina tofauti na gome la wizi kutoka hifadhini. Afisa aliye barabarani hana njia ya kujua, na asiyejua atakamata wote au atachukua kitu kidogo kwa wote. Mkulima anaona hivyo na kupanda blugamu. Dawa yake ni daftari: miti ya dawa iliyo kwenye mashamba ya watu iorodheshwe katika wadi, kila mti na mwenye wake, na gome linaloondoka liandikwe limetoka kwenye mti upi. Daftari hilohilo lingemwezesha muuzaji wa mjini kuandika kwenye chupa jina la mti na kijiji ulikotoka, na hapo Bodi ya Dawa na Sumu ingekuwa na kitu cha kukagua. Baada ya hapo suala la cheti cha mganga lingekuwa na uzito, maana tungekuwa tunamthibitisha mtu anayeuza kitu kinachofahamika.

Kaunti zinapoandaa bajeti kila mwaka hulazimika kuwaita wananchi watoe maoni. Mikutano hiyo ya Kakamega, Vihiga, Kisumu na Nakuru huwa inajaa maombi ya barabara, maji na zahanati, na inastahili. Idara ya kilimo na ile ya mazingira nazo huleta orodha ya miche zitakayonunua. Ombi langu kwa wakunga wa jadi, wauza magome, vikundi vya misitu na yeyote ambaye mamake aliwahi kumchemshia majani usiku ni kwamba waende siku hiyo, waombe orodha ya miche isomwe jina kwa jina, na mwiritsa, soget na mukombero zisipotajwa, wadai ziandikwe, pamoja na mshahara wa mtu wa kuokota mbegu msimu wa matunda unapofika.